Je, Florida Panthers wamwongezee Bobrovsky mkataba?

Maswali ya wasomaji, Agosti 2025

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Mimi na kaka yangu tunaishi Jacksonville, Florida, na tangu tuhamie huku tumekuwa mashabiki wa hoki ya barafuni, hasa timu ya Florida Panthers. Mkataba wa kipa wetu, Sergei Bobrovsky, unamalizika baada ya msimu wa 2025-26. Kaka anasema kwamba mtu aliyetuletea Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mara mbili mfululizo apewe chochote anachokitaka. Mimi nasema kwamba umri umekwenda, na klabu itafute kijana wa kumrithi mapema. Tumebishana hadi tumechoka. Nani kati yetu ana hoja?
Msomaji, Jacksonville

JIBU: Ndugu msomaji, nitamkatalia kaka yako kwanza, kisha nitakukatalia na wewe. Kwa maoni yangu Panthers wamwongezee Bobrovsky mkataba, lakini uwe wa mwaka mmoja, au miwili ikilazimu, kwa fedha iliyo chini sana ya dola milioni 10 anazohesabiwa sasa kwa mwaka. Kama yeye na wakala wake watashikilia miaka minne au mitano, basi klabu imshukuru kwa heshima zote na imwache aende anakotaka. Makombe yale mawili yamekwisha kulipwa kwa mkataba wa zamani. Mkataba mpya utanunua michomo ambayo bado haijapigwa, kuanzia Oktoba 2026, wakati kipa huyu atakuwa ametimiza miaka 38.

Ili kuona kwa nini ninashikilia urefu wa mkataba kuliko kiasi cha fedha, inafaa tukumbuke safari ya mkataba huu wenyewe. Bobrovsky aliusaini tarehe 1 Julai 2019 akitoka timu ya Columbus, siku chache tu baada ya Roberto Luongo, aliyekuwa kipa wa Panthers, kutangaza kustaafu. Ulikuwa wa miaka saba na dola milioni 70, na aliyekuwa akiusaini alikwisha kutwaa tuzo ya Vezina, ambayo hupewa kipa bora wa ligi ya NHL, mara mbili, mwaka 2013 na mwaka 2017. Msimu wake wa kwanza Florida ulikuwa wa kusikitisha: aliokoa takriban asilimia 90 ya michomo na kuruhusu wastani wa zaidi ya mabao matatu kwa mechi. Kwa miaka kadhaa iliyofuata, watu waliotaka mfano wa mkataba mbaya wa kipa walitaja jina lake bila kufikiri mara mbili. Hatua ya mtoano ya mwaka 2023 ilipoanza alikuwa benchi, na aliyesimama langoni alikuwa Alex Lyon, kipa ambaye mashabiki wengi walikuwa hawajamjua.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Bobrovsky alirudishwa langoni katikati ya raundi ya kwanza, ambayo timu mbili hukutana hadi mmoja ashinde mechi nne, dhidi ya Boston Bruins, timu iliyokuwa imeweka rekodi ya ligi kwa kushinda mechi 65 na kupata pointi 135, na Panthers, waliokuwa nyuma kwa mechi tatu dhidi ya moja, wakaitoa. Katika mechi ya kwanza ya fainali ya kanda ya mashariki dhidi ya Carolina, iliyokwenda hadi kipindi cha nne cha nyongeza, aliokoa michomo 63. Mwaka huo walishindwa fainali na Vegas, lakini mwaka 2024 waliifunga Edmonton katika mechi ya saba kwa mabao 2-1, na Juni 2025 wakaifunga Edmonton ile ile katika mechi ya sita. Kipa aliyekuwa mzigo akawa nguzo, na karatasi aliyoisaini ilikuwa ile ile, neno kwa neno.

Kaka yako anaweza kuisoma historia hii kama ushahidi kwamba subira hulipa. Mimi ninaisoma kwa namna nyingine. Kama klabu yenye idara nzima ya makipa, inayoongozwa na Luongo huyo huyo, haikuweza kutabiri kwamba mtu wa miaka 31 angecheza vibaya na yule wa miaka 35 angecheza vizuri, basi hakuna sababu ya kuamini kwamba mtu yeyote anaweza kutabiri atakavyokuwa akiwa na miaka 40. Makipa ndio wachezaji wasiotabirika kuliko wote katika mchezo huu, na dawa ya kutotabirika ni kupunguza muda wa ahadi.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu wasomaji wetu wengi wamezoea soka, ambako tajiri akitaka kumbakiza kipa wake huongeza mshahara na habari ikaishia hapo. NHL ina kikomo kigumu cha mishahara. Kwa msimu wa 2025-26 kikomo hicho ni dola milioni 95.5, na ligi imekwisha kutangaza makadirio ya milioni 104 kwa 2026-27 na milioni 113.5 kwa msimu utakaofuata. Kila dola anayopewa kipa ni dola ambayo beki au mshambuliaji hawezi kupewa, hata kama mwenye klabu ana fedha za kuujaza uwanja.

Panthers wamekwisha kutoa ahadi nyingi, na nyingi ni za muda mrefu. Aleksander Barkov anahesabiwa milioni 10 kwa mwaka, Matthew Tkachuk 9.5, Sam Reinhart 8.625, Sam Bennett 8, Carter Verhaeghe 7, Seth Jones 7 baada ya Chicago kubaki na sehemu ya mshahara wake, Aaron Ekblad 6.1, Gustav Forsling 5.75, Brad Marchand 5.25 na Anton Lundell 5. Jumla ya watu hao kumi ni takriban milioni 72. Kikomo kikiwa milioni 104, zinabaki kama milioni 32 za kuwalipa wachezaji wengine 13 ili kikosi kifike watu 23, wakiwamo makipa wawili. Bobrovsky akichukua tena milioni 10, waliobaki 12 watagawana milioni 22, na hapo ndipo mabeki wa jozi ya tatu na washambuliaji wa mstari wa tatu wanapoanza kuwa watu wa kuokoteza. Akichukua milioni 6, pengo hilo linapungua kwa kiasi kinachotosha kumlipa beki mmoja mzuri. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika ligi hii daftari ni sheria.

Klabu ina turufu moja ambayo haipaswi kusahauliwa. Jimbo la Florida halitozi kodi ya mapato, kwa hiyo dola milioni 6 za Sunrise, mji ulipo uwanja wa Panthers, humbakishia mchezaji fedha nyingi kuliko dola hizo hizo akiwa New York au California. Ndiyo sababu mojawapo inayowafanya wachezaji kama Bennett na Ekblad, waliokuwa karibu kuwa wachezaji huru kiangazi hiki, wakubali kubaki. Bobrovsky naye anaijua hesabu hiyo.

Kuhusu umri, hoja yako ina uzito, ila usiuzidishe. Dominik Hasek alitwaa kombe akiwa na Detroit mwaka 2002, akiwa na miaka 37. Tim Thomas alikuwa na miaka 37 mwaka 2011 alipoipa Boston kombe, akapata tuzo ya Vezina na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano katika msimu mmoja. Martin Brodeur aliifikisha New Jersey fainali mwaka 2012 akiwa na miaka 40. Kwa hiyo kipa mzee anaweza kucheza vizuri sana. Tatizo ni kwamba kushuka kwake, kukifika, mara nyingi huja ghafla, na mifano hii mitatu tunaikumbuka kwa sababu ni ya nadra. Hesabu pia uchovu: mbali na mechi zaidi ya 50 za msimu wa kawaida, Bobrovsky alicheza mechi 24 za mtoano mwaka 2024 na 23 mwaka 2025. Magoti na nyonga za kipa anayeshuka chini kwa kila mchomo wa chini hazikuumbwa kwa kazi ya namna hiyo miaka mitatu mfululizo, na mapumziko yake ya kiangazi yamekuwa mafupi kuliko ya makipa wengi wa ligi.

SWALI: Kama hali ndiyo hiyo, kwa nini Panthers walimuuza kipa kijana Spencer Knight? Je, si yeye aliyekuwa ameandaliwa kurithi?
Msomaji, Ottawa

JIBU: Ndiyo, alikuwa ameandaliwa, na hili ndilo jambo linalomfanya Bobrovsky awe na nguvu mezani kuliko umri wake unavyostahili. Panthers walimchagua Knight wa 13 katika uteuzi wa mwaka 2019, yaani zoezi la timu kuchagua vijana wapya kwa zamu, wakati ambapo ni nadra kwa kipa kuchaguliwa mapema hivyo, na wakampa mkataba wa miaka mitatu wa milioni 4.5 kwa mwaka. Machi 2025 walimpeleka Chicago ili wampate Seth Jones, beki ambaye miezi mitatu baadaye alikuwa akilinyanyua kombe pamoja nao. Siwezi kuulaumu uamuzi uliozaa kombe. Hata hivyo ulikuwa na gharama ambayo malipo yake yanaanza kudaiwa sasa: hakuna kijana aliyekomaa anayesubiri mlangoni. Daniil Tarasov, waliyemchukua kutoka Columbus Juni mwaka huu, ni kipa wa akiba ambaye bado hajawahi kubeba mzigo wa kipa namba moja kwa msimu mzima.

Ndiyo maana sikubaliani na msomaji wa Jacksonville anapotaka kijana mapema. Kijana gani? Makipa wazuri wenye miaka 25 hawauzwi ovyo, na klabu inayomtafuta mmoja kwa haraka hulipa kwa chaguo za raundi ya kwanza, ambazo Panthers wamekwisha kuzitumia nyingi katika kukijenga kikosi hiki. Mkataba mfupi wa Bobrovsky unanunua muda wa kumtafuta mrithi bila kukimbizana na kalenda. Huo muda, kwangu mimi, ndiyo bidhaa hasa inayonunuliwa.

SWALI: Ninasikia kwamba timu nyingi hushinda kombe na kipa wa bei nafuu. Kwa nini basi mtu yeyote amlipe kipa mamilioni?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Msomaji wetu ameuliza swali ambalo mameneja wakuu wa NHL wameulizana kwa miaka mingi, na ushahidi wa pande zote mbili ni mzuri.

Vegas walitwaa kombe la mwaka 2023 na Adin Hill, ambaye msimu huo alihesabiwa dola milioni 2.175. Colorado walitwaa la mwaka 2022 na Darcy Kuemper, aliyewagharimu milioni 3.5 kwa kuwa Arizona ilikuwa ikibeba sehemu ya mshahara wake. Hapo ndipo mfano wa Colorado unapofanana na wa Panthers, kwa sababu walikuwa na kipa bingwa aliyemaliza mkataba, naye akataka malipo ya bingwa. Wakamwacha. Kuemper akaenda Washington kwa miaka mitano ya milioni 5.25, asiendelee kuwa yule wa Colorado, kwa hiyo mtu angesema kwamba waliomwacha walikuwa na busara. Lakini aliyechukua nafasi yake, Alexandar Georgiev, alishuka kiwango hadi Desemba 2024 akabadilishwa kwa Mackenzie Blackwood, na Blackwood naye akapewa mkataba wa miaka mitano wa milioni 5.25 kwa mwaka, yaani bei ile ile ambayo Kuemper aliipata kwingine. Colorado hawakukosea kumwacha mtu, ila waliacha bila mrithi wa uhakika, na kuanzia mwaka 2023 hadi 2025 hawakupita raundi ya pili.

Washington wenyewe wana kisa kama hicho. Braden Holtby aliwapa kombe la mwaka 2018, na mwaka 2020 mkataba wake ulipokwisha hawakumwongezea. Vancouver ilimpa miaka miwili, na baada ya mmoja tu ikauvunja mkataba kwa kumlipa fidia. Kumwacha Holtby kulikuwa sahihi. Ilya Samsonov, aliyetarajiwa kumrithi, naye hakutimiza matarajio, na mwaka 2022 wakamwacha pia.

Upande wa pili wa mizani kuna mikataba mirefu. Carey Price alipewa na Montreal miaka minane na dola milioni 84 mwaka 2017. Aliifikisha timu fainali mwaka 2021, kisha goti likamkatalia: katika msimu uliofuata alicheza mechi tano tu, na tangu hapo hajacheza tena, huku mkataba wenyewe ukiendelea hadi mwaka 2026. Henrik Lundqvist, ambaye New York Rangers walimpa miaka saba ya milioni 8.5 kwa mwaka, alivunjiwa mkataba mwaka 2020 ukiwa umebaki mwaka mmoja, na kuvunjwa huko kuliila klabu milioni 5.5 za kikomo katika msimu ambao hakuchezea timu yoyote. Rangers hao hao, Desemba 2024, wamempa Igor Shesterkin miaka minane ya milioni 11.5, kiasi ambacho hakuna kipa aliyewahi kukifikia. Sitawahukumu bado, kwa sababu Shesterkin alikuwa na miaka 28 tu aliposaini. Lakini msimu ule ule walikosa hatua ya mtoano.

Na kuna kisa kimoja ambacho Bobrovsky mwenyewe anakikumbuka bila shaka. Alianza NHL na Philadelphia Flyers mwaka 2010, bila kuchaguliwa na timu yoyote katika uteuzi. Mwaka 2011 Flyers waliamua kwamba wanataka kipa mwenye jina kubwa, wakampa Ilya Bryzgalov, mwenye miaka 31, mkataba wa miaka tisa na dola milioni 51. Kwa kuwa mlango ulikuwa umekwisha kufungwa kwa miaka tisa, Bobrovsky aliuzwa Columbus mwaka 2012 kwa chaguo za uteuzi, na msimu wake wa kwanza huko akatwaa Vezina. Kiangazi hicho hicho cha 2013 Flyers walimvunjia Bryzgalov mkataba, na malipo ya fidia yake yamegawanywa hadi mwaka 2027. Wanamlipa mmoja asiyekuwapo, na mwingine waliyemuuza kwa bei ya chini amebeba makombe mawili kwingine. Sijui kisa kinachoeleza vizuri zaidi kwa nini ninaogopa urefu wa mkataba wa kipa.

Kwa hiyo jibu langu kwa msomaji wa Dar es Salaam ni kwamba kipa wa bei nafuu anaweza kushinda kombe ikiwa timu iliyo mbele yake ni imara, na timu ya Panthers ni imara. Lakini kipa anaposhindwa, hakuna mchezaji mwingine uwanjani anayeweza kuficha kushindwa kwake.

SWALI: Tofauti ya kipa mzuri na wa wastani ni ipi kwa namba? Mimi naona wote wanaokoa asilimia tisini na kitu.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Umeona vizuri, na tofauti iko ndani ya hicho kitu. Chukua kipa anayecheza mechi 60 na kupigiwa michomo 28 kwa kila mechi, yaani takriban michomo 1,680 kwa msimu. Anayeokoa asilimia 91.5 ataruhusu mabao kama 143. Anayeokoa asilimia 90.5 ataruhusu kama 160. Pengo la asilimia moja ni mabao 17. Wachambuzi wengi huhesabu kwamba takriban mabao sita ni sawa na ushindi mmoja katika msimamo, kwa hiyo asilimia hiyo moja ni mechi tatu hivi, na mara nyingi mechi tatu ndizo zinazotenganisha timu iliyoingia mtoano na iliyobaki nje.

Bobrovsky aliokoa asilimia 91.5 katika msimu wa 2023-24, akawa miongoni mwa watatu wa mwisho katika kinyang'anyiro cha Vezina. Katika msimu wa 2024-25 alishuka hadi karibu asilimia 90 na nusu, juu kidogo ya wastani wa ligi, ambao ulikuwa karibu asilimia 90. Katika mtoano alipanda tena hadi asilimia 91.4. Asilimia tupu haikuambii mchomo ulitoka wapi, ndiyo maana siku hizi klabu hupima ugumu wa kila mchomo na kulinganisha mabao aliyoruhusu kipa na yale ambayo kipa wa kawaida angetarajiwa kuruhusu. Panthers hawaruhusu michomo mingi ya karibu, kwa hiyo sehemu ya sifa ya kipa wao ni ya mabeki na ya mfumo wa kocha Paul Maurice. Nasema haya nikiwa ninaikumbuka ile michomo ambayo hakuna mfumo unaoizuia, kama ule wa Matt Dumba wa Tampa mwezi Aprili 2024, ambao Bobrovsky aliuzuia akiwa amejirusha na mgongo ukiwa umeuelekea uwanja. Meneja mkuu Bill Zito hawezi kujenga mkataba juu ya uokoaji kama ule, lakini ningekuwa yeye ningeona ugumu wa kuusahau.

SWALI: Tuseme klabu inakubali ushauri wako. Mkataba wenyewe uandikwe vipi, na lini?
Msomaji, Toronto

JIBU: Tangu tarehe 1 Julai 2025 Panthers wana ruhusa ya kumwongezea mkataba, kwa kuwa ameingia mwaka wa mwisho. Ningewashauri wasikimbilie. Hakuna timu nyingi zitakazompa kipa wa miaka 38 mkataba mrefu, kwa hiyo hatari ya kunyang'anywa ni ndogo, na kila mwezi wa msimu ujao utawapa habari ambazo leo hawana. Wazungumze naye kwa uwazi sasa, wamweleze kwamba wanamtaka, kisha wasaini baada ya kumwona akicheza nusu ya msimu.

Kuhusu maandishi, kanuni za ligi zina vifungu viwili vinavyomhusu mchezaji aliyetimiza miaka 35. Cha kwanza ni cha kutisha klabu: mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja, ukiandikwa kwa namna inayotanguliza malipo au yenye bonasi za kusaini baada ya mwaka wa kwanza, huendelea kuhesabiwa kwenye kikomo hata mchezaji akistaafu kabla haujaisha. Kipa wa miaka 39 akiamua kwamba magoti yametosha, klabu inabaki na mzigo. Cha pili ni cha kuisaidia: mchezaji wa umri huo akisaini mwaka mmoja tu, anaruhusiwa kuwekewa bonasi za utendaji, kwa mfano kwa idadi ya mechi au kwa kufika mtoano, na bonasi ambazo kikomo cha mwaka huo hakikuzimudu huweza kusogezwa mwaka unaofuata. Boston walifanya hivyo na Patrice Bergeron na David Krejci msimu wa 2022-23, na mwaka uliofuata wakabeba dola milioni 4.5 za bonasi hizo. Ni deni, lakini ni deni la mwaka mmoja na linajulikana ukubwa wake.

Kwa Bobrovsky ningeandika mwaka mmoja wa dola milioni 5, pamoja na bonasi ya hadi milioni 2 kwa mechi atakazocheza na kwa raundi za mtoano ambazo timu itashinda. Ningempa pia kifungu cha kukataa kuhamishwa, ambacho kwa mkataba mfupi hakiigharimu klabu kitu na kwake ni heshima anayostahili. Akitaka miaka miwili, ningempa miwili ya milioni 5.5 kila mmoja, mshahara ukiwa sawa miaka yote na bila bonasi za kusaini, ili akistaafu katikati mzigo uondoke naye. Mwaka wa tatu nisingeuandika hata angeshusha bei, kwa sababu kufikia wakati huo Panthers wanapaswa kuwa na kipa mwingine aliyekwisha kucheza mechi 40 za msimu, na kazi ya kumtafuta huyo inapaswa kuanza msimu huu huu, Tarasov akipewa mechi za kutosha kuonyesha kama ndiye au siye.